Amana Isiyo na Mlinzi: Somo kutoka Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu kila watujiapo hapa Nairobi hutuuliza: "Mbona mji wenye mali yote hii haupati mtawala akatulia? Kila mara twasikia huyu kaondolewa, yule kateuliwa, na mara serikali kuu imezishika kazi za mji." Swali hili ni la haki, wala haifai kulijibu kwa porojo za barazani. Tumelizungumza katika darasa yetu ya Pumwani baada ya Magharibi, siku si moja, na haya tuyaandikayo ndiyo yaliyotudhihirikia.

Wala msomaji asidhani kuwa tunampa khabari za watu wa mbali. Tangu mwaka 2013 Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu zinaendeshwa kwa Katiba ile ile ya 2010 inayoiendesha Nairobi: gavana wa kuchaguliwa, baraza la wawakilishi wa wadi, na fungu la fedha za umma. Mwenye busara akiona mwenzake ananyolewa, yeye hutia maji kichwa chake.

ASILI YA MAMBO

Mji wa Nairobi ulianza na reli mwaka 1899, na katika wakazi wake wa mwanzo walikuwamo watu wa pwani waliofuata misafara na kazi za reli. Wengi wao walikaa kijiji cha Pangani, wakajenga nyumba zao wenyewe na misikiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Pumwani ikapimwa viwanja iwe mahali pa Waafrika, na mwisho wa miaka ya 1930 Pangani ikabomolewa. Waliokuwa na nyumba zao wakajiona wapangaji wa baraza la mji katika mtaa mpya uitwao Shauri Moyo.

Na tulitazame jina hilo. Mtu aliyevunjiwa nyumba bila ya kuulizwa hana wa kushauriana naye illa moyo wake. Huo ndio utawala wa kikoloni kwa maneno mawili: amri yatoka juu, na raiya abaki kuushauri moyo.

Kwa sababu hiyo watu wa mitaa hii hawakutaka uhuru kwa ajili ya bendera peke yake. Walitaka kuulizwa. Ukumbi wa Kaloleni ulijaa watu waliokuja kusikiliza hotuba za siasa, na Tom Mboya, aliyechaguliwa mwaka 1957, alipata nguvu zake katika mitaa hii ya wafanyakazi. Mwaka 1962 Charles Rubia akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi. Watu wakasema: sasa mji ni wetu.

MJI KUONDOLEWA MIKONONI MWA WENYEWE

Haikupita miaka ishirini na mitano illa mambo yakageuka. Baraza la mji likaingiwa na ubadhirifu na ugomvi wa vyeo. Malalamiko yalikuwa ya kweli, wala hatuyakanushi. Lakini tutazame dawa iliyotumiwa. Mwezi wa Machi 1983 serikali ililiondoa baraza lililochaguliwa, ikaweka tume iliyoteuliwa. Ilisemwa kuwa ni kwa ajili ya kuusafisha mji. Tume ile ikakaa mpaka uchaguzi wa mwaka 1992. Kwa muda wa miaka tisa mtu wa Bahati au wa Makadara hakuwa na diwani wa kumshitakia jaa lililojaa mlangoni pake. Je, taka zilipungua? Walioishi miaka ile wanajua kuwa zilizidi.

Na wakati huo huo uchaguzi wenyewe ukavunjiwa kheshima. Mwaka 1988 watu waliambiwa wapange foleni nyuma ya mgombea wamtakaye, mchana kweupe, na mahali pengi foleni fupi ikatangazwa kuwa ndiyo iliyoshinda. Basi si ajabu kwamba tarehe 7 Julai 1990 watu walielekea uwanja wa Kamukunji, hapa jirani yetu, kudai vyama vingi, ingawa mkutano ulikuwa umekatazwa. Rubia, yule yule aliyekuwa Meya wa kwanza, alikuwa ametiwa kizuizini siku chache kabla pamoja na Kenneth Matiba. Damu ilimwagika. Disemba 1991 sheria ya chama kimoja ikafutwa.

Funzo la kwanza ni hili: watawala wakiharibu, na dawa ikawa kumnyang'anya raiya haki ya kuchagua, maradhi hayaponi. Hujificha tu, kisha hutoka na nguvu zaidi.

MARA YA PILI

Katiba mpya ilipotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 tuliona kuwa mlango wa kheri umefunguliwa. Nairobi ikapata gavana wake wa kwanza mwaka 2013. Lakini tazama yaliyofuata uchaguzi wa mwaka 2017. Januari 2018, miezi michache tu baada ya kuapishwa, naibu wa gavana alijiuzulu, na gavana Mike Sonko akakaa muda mrefu bila ya naibu. Disemba 2019 gavana mwenyewe akashitakiwa kwa makosa ya ufisadi, na mahkama ikamzuia kuingia ofisini. Februari 2020 akatia saini kuikabidhi serikali kuu kazi za afya, usafiri, ujenzi na mipango ya mji. Mwezi uliofuata ikaundwa idara mpya ya kuusimamia mji, na juu yake akawekwa jenerali wa jeshi. Disemba 2020 Baraza la Seneti likamwondoa gavana. Spika akashika nafasi kwa muda, na Novemba 2021 aliyekuwa ameteuliwa naibu akaapishwa kuwa gavana, ijapokuwa jina lake halikuwamo katika kura ya ugavana.

Yahesabuni nyinyi wenyewe: katika muhula mmoja wa miaka 5 mji ulikuwa na gavana aliyezuiliwa, jenerali aliyeteuliwa, spika aliyekaimu, na gavana asiyepigiwa kura. Mwenye duka la mkaa Kariobangi akitaka kuuliza kwa nini kodi ya soko imepanda, amwendee nani?

Tuseme haki: idara ile ilichimba visima, ikajenga zahanati na kutengeneza njia katika mitaa ya maskini, na watu wakashukuru. Lakini neema isiyo na wa kuulizwa ni kama kivuli cha wingu. Uchaguzi wa mwaka 2022 ulipofika idara ile ikakoma, mji ukarudi kwa gavana mpya, na ule mtindo wa raiya kungojea kupewa ukabaki pale pale.

WENZETU WA BARA HINDI

Kosa hili si la Nairobi peke yake. Pakistan ilizaliwa mwaka 1947 kwa matumaini makubwa, na Waislamu wa dunia nzima wakaifurahia, sisi wa pwani ya Afrika tukiwamo. Katiba yao ya kwanza ilitoka mwaka 1956. Mawaziri wakuu wakawa wanapanda na kushuka, na wanasiasa wakashughulika kuangushana. Oktoba 1958 jeshi likaingia na kuifuta katiba ile, kwa hoja kwamba laja kuondoa uchafu. Likaja tena mwaka 1977, na tena 1999. Mpaka leo hapana hata waziri mkuu mmoja wa nchi ile aliyemaliza muhula mzima wa miaka 5. Aprili 2022 Imran Khan naye aliondolewa kwa kura ya bunge.

Je, kila mara uchafu uliondoka? Kama ungaliondoka, hapangalikuwa na haja ya kusafisha mara ya pili na ya tatu. Nyumba ambayo kila ikichafuka hufukuzwa wenyewe na kuitwa mgeni kuifagia, wenyewe hawajifunzi kushika ufagio.

TAKSIRI NI YA NANI?

Hapa ndipo wengi watakapotukasirikia, lakini haki haifichwi. Ni wepesi kusema "viongozi ni wezi" kisha tukanyamaza, kana kwamba viongozi hao wameshuka kwa mwavuli. Nani aliyewapa kura?

Tunajua yapitayo katika mitaa yetu zikikaribia siku za uchaguzi. Mgombea huja na noti za shilingi 200, na mifuko ya unga, na wengine wetu hupanga mstari kupokea. Akiulizwa mtu, "Utampa nani kura?" hujibu, "Yule mkarimu." Ndugu zangu, ukarimu gani huo? Mwenye kununua kura huwa amekwisha kukulipa, na aliyekwisha kulipa hana deni. Ukimwendea baadaye kumwambia bomba la majitaka limepasuka, atakutazama kama mtu aliyeuza mbuzi wake kisha akaja kudai maziwa.

Dini yetu imekiita cheo amana, na mashauri imeyafanya ni amri wala si hisani ya mtawala. Basi kura ni sehemu ya amana hiyo. Anayeiuza amekhini kabla ya kukhini gavana.

Na matokeo ya kukosa ulinzi si maneno matupu. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, nyumba ya ghorofa iliporomoka Huruma, na watu wapatao 50 wakafa. Wakuu wenyewe walisema kuwa nyumba ile ilikuwa imekwisha kutiwa alama ya kubomolewa. Alama ilitiwa, na wapangaji wakaendelea kulala ndani na kodi ikaendelea kupokewa. Jaa la Dandora nalo lilitangazwa kuwa limejaa tangu mwaka 2001, na miaka mingi baadaye magari ya taka yangali yakimwaga pale pale, na moshi wake ukivutwa na watoto wa skuli. Hayo si mambo ya siasa za juu. Ni roho za watu.

TULIYOYAONJA WENYEWE

Mwaka mmoja majitaka yalifumuka katika njia iendayo msikitini, na watu wakawa wanapita juu ya mawe wakiinua nguo zao. Tulikwenda kwa mheshimiwa mmoja, akatupa pesa za kununua kokoto. Tukashukuru, tukamwaga kokoto, na baada ya wiki mbili maji yakarudi. Ndipo mzee mmoja wa darasa akatuambia: "Mmeomba sadaka mahali pa kudai haki." Tukaandika barua, tukapata saini za majirani, wake kwa waume, Waislamu na Wakristo, tukaipeleka katika ofisi inayohusika na kuitaka itupe nakala ya makadirio ya fedha za wadi yetu. Tulizungushwa miezi. Tulipoipata, tukaona kazi ile ile ya mfereji imeandikiwa fedha mwaka uliopita. Tulipokwenda kwenye mkutano wa hadhara na karatasi ile mkononi, hapakuwa na wa kutupa kokoto tena. Mfereji ulitengenezwa nusu, na nusu ya pili tunaidai.

Hatujisifu kwa jambo dogo kama hili. Tumelitaja ili ijulikane kuwa karatasi moja ina nguvu kuliko makelele ya mwaka mzima. Na vijana wa nchi hii walilionyesha hilo kwa ukubwa zaidi mwezi wa Juni 2024: waliusoma mswada wa fedha kifungu kwa kifungu, wakaufasiri kwa lugha za wenyeji, wakaeleza kila kodi iliyokuwamo. Tarehe 25 Juni vijana wengi waliuawa kwa risasi, na siku ya pili yake Rais akakataa kuutia saini mswada ule. Sisi twawalilia waliokufa, na twasema: laiti watu wazima tungalikuwa na ada ya kusoma hesabu kila mwaka, pengine vijana wasingalilazimika kuzisoma mbele ya bunduki.

YATUPASAYO

Kwanza, tujue kazi ya kila mmoja. Taka, zahanati, masoko, taa na njia za mitaani, maji na majitaka ni kazi za kaunti, si za mbunge. Mwenye kuzisimamia kwa niaba yetu ni mwakilishi wa wadi, na Nairobi ina wadi 85. Tusimlaumu asiyehusika tukamwacha anayehusika.

Pili, tujue majira. Makadirio ya fedha hupelekwa katika baraza la kaunti kabla ya mwisho wa Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mwenye kulalamika mwezi wa Agosti amefika sokoni soko limekwisha.

Tatu, tudai karatasi. Kifungu cha 35 cha Katiba kimempa kila mwananchi haki ya kupata khabari zilizo mikononi mwa serikali, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa ripoti zake ambazo si siri. Kila darasa iwe na mtu mmoja wa kuzisoma na kuwaeleza wengine.

Nne, tusishangilie kila anayeangushwa. Kuondolewa kwa gavana ni dawa ya mwisho. Ikiwa yaja kwa sababu wakubwa wamegombana na wala si kwa hesabu iliyofanywa mbele ya raiya, basi ni kubadilisha mpishi huku chungu kikiwa kichafu.

Tano, na ndiyo nzito kuliko zote, tuiache noti ya shilingi 200.

Wazee wetu wa Pangani hawakuulizwa, wakabaki na shauri ya moyo. Sisi sheria imetupa haki ya kuulizwa na ya kuuliza. Tukinyamaza, tutawaambia nini watoto wetu? Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuziona kasoro zetu kabla ya za wenzetu, na nguvu ya kuilinda amana. Wabillahi tawfiq.