Inhela Kabatini: Haki za Mtoto Anayeugua Shuleni

Mwanangu wa pili ana pumu. Alipoingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni nilimtilia inhela mbili sandukuni na kumkumbusha namna ya kuvuta. Siku hiyo hiyo zilichukuliwa getini pamoja na biskuti na simu za wenzake, zikafungiwa kabatini katika ofisi ya matroni. Kanuni ya shule ilikuwa moja tu: hakuna dawa bwenini. Wiki ya tatu kifua kikambana saa nane za usiku. Matroni alikuwa kwake, na ufunguo alikuwa nao. Askari wa zamu na viranja walihangaika karibu saa nzima kabla kabati kufunguliwa. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini tangu usiku ule naisoma sheria ya elimu kwa jicho la mzazi, si la wakili peke yake.

Tatizo ninaloliona katika shule nyingi ni kwamba ugonjwa huingizwa katika daftari la nidhamu. Anayelalamika kichwa huambiwa anatega. Aliyelazwa wiki mbili hurudi akaulizwa kwa nini hakufanya mtihani. Aliyeanguka kifafa hurudishwa nyumbani "mpaka apone". Sheria ya Kenya haiuchukulii ugonjwa kama kosa. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi na kinaitaja hali ya afya kwa jina, sambamba na kabila, dini na ulemavu. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, kinampa huduma za afya, kisha kinasema maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Mzazi anayelipa karo shule ya kibinafsi asidhani haya hayamhusu. Shule yake nayo inafungwa na Katiba hiyo hiyo na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013.

Mtoto akishavuka geti, uangalizi wake unakuwa mikononi mwa shule. Mahakama zetu, zinapopima iwapo mwalimu alizembea, huuliza mzazi mwangalifu angefanya nini mahali pale na kwa wakati ule. Swali hilo nawe unaweza kulitumia ukiwa umeketi mbele ya mwalimu mkuu. Mzazi mwangalifu hafungii inhela kabatini akaondoka na ufunguo, kwa kuwa pumu ikibana hukusubiri dakika chache tu. Mtoto mwenye selimundu hamwogeshi maji baridi alfajiri, maana baridi huamsha yale maumivu makali ya mifupa. Wala hamnyimi ruhusa ya kwenda kunywa maji katikati ya somo, kwani mwili kukaukiwa maji nako huyaleta. Aliyeanguka kifafa hatiwi kijiko mdomoni. Hulazwa ubavu, huondolewa vitu vinavyoweza kumwumiza, saa ikaangaliwa, na degedege likizidi dakika tano gari huitwa.

Gari hilo lisisubiri pesa. Simu ya usiku inayomwambia mzazi "tuma nauli ya hospitali kwanza" wengi wetu tumeipokea au tumeisikia ikisimuliwa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inaitoza faini ya hadi shilingi milioni 3 hospitali iliyo na uwezo wa kuyatoa lakini ikakataa. Hospitali ikiwa haiwezi kumfukuza mtoto aliye katika hatari kwa sababu ya pesa, shule nayo haina sababu ya kumkalisha bwenini ikingoja ujumbe wa M-Pesa. Malipo yatazungumzwa baadaye.

Juu ya malipo, neno moja la haraka. Ile bima ya EduAfya iliyoanza 2018 kwa wanafunzi wa sekondari za umma ilikoma Desemba 31, 2023. Wako wazazi ambao hadi leo wanadhani mtoto bado yumo. Siku hizi mtoto huorodheshwa chini ya mzazi wake katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwandikishe kabla shule hazijafunguliwa, kisha umpe mwalimu wa darasa nambari yake ya SHA kwa maandishi.

Je, shule yaweza kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu anaumwa? Ndiyo, ikiwa ugonjwa unaambukiza na kukaa kwake darasani kunahatarisha wengine. Mwanzoni mwa 2024, macho mekundu yalipoenea hapa Pwani, kuwaweka watoto nyumbani kulikuwa na maana. Mwenye tetekuwanga naye abaki nyumbani mpaka vipele vyote vikauke. Lakini ruhusa hiyo ina mipaka. Kwanza, ni ya muda, nayo huisha hatari ikiisha. Pili, haigusi magonjwa yasiyoambukiza kwa kuketi dawati moja: kifafa hakiambukizi, selimundu mtoto huzaliwa nayo, na virusi vya UKIMWI havipiti kwenye kikombe wala kitabu. Tatu, mtoto mwenye homa hapandishwi matatu peke yake jioni na karatasi ya ruhusa mfukoni. Shule imwite mzazi, au imsindikize.

Juu ya virusi vya UKIMWI nitakaa kidogo, maana hapa watoto wetu wameumizwa sana. Kulikuwa na wakati shule za Nairobi ziliwakataa watoto wa makao yaitwayo Nyumbani kwa sababu walikuwa na virusi. Makao yalikwenda mahakamani, na Januari 2004 serikali ikakubali wapokewe. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2006 ikaja kuyaandika waziwazi: hakuna shule kudai kipimo cha virusi ili impokee mwanafunzi, wala kumfukuza, kumtenga, kumwadhibu au kumnyima huduma kwa sababu ya hali yake, iwe imethibitishwa au inashukiwa tu. Fomu ya kujiunga ikikuuliza jambo hilo, huna wajibu wa kulijibu. Na aliyebaguliwa ana baraza lake maalumu la kupeleka malalamiko, lililoundwa na sheria hiyo hiyo.

Kisha ikaja kesi ambayo ningependa kila mwalimu wa darasa aijue. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliwaagiza makamishna wa kaunti wakusanye takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi, pamoja na habari za walezi wao. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda Mahakama Kuu. Desemba 2016 mahakama ikatamka kwamba agizo lile lilivunja haki ya faragha iliyo katika kifungu cha 31 na maslahi ya mtoto yaliyo katika kifungu cha 53. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, ya kupanga huduma, lakini haikutosha kuhalalisha orodha ya majina. Basi mwalimu anayeandika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kwamba fulani amelazwa kwa ugonjwa fulani, hata kwa nia ya kuomba dua, anafanya jambo ambalo Rais wa nchi alizuiwa kulifanya.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya katika daraja la data nyeti, na habari za mtoto hazishughulikiwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Ofisi ya Kamishna wa Data haitishi bure: mwaka 2023 iliitoza shule moja shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ikiwa picha ya mtoto anayecheka imegharimu hivyo, jina la ugonjwa wake si jambo dogo. Anayestahili kujua ni yule anayehitaji kujua ili amsaidie: mwalimu wa darasa, matroni, muuguzi, mwalimu wa michezo. Wenzake na wazazi wao hawamo.

Mambo mawili ya mwisho kabla hatujafika kwenye barua ambayo mzazi anapaswa kuiandikia shule. Kumchapa mtoto aliyeshindwa kuamka kwa homa ni kosa la jinai. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinakataza adhabu ya mwili na mateso ya kisaikolojia kwa mwanafunzi yeyote, mzima au mgonjwa, na adhabu ni faini ya hadi shilingi 100,000, kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Na kifungu cha 35 kinakataza mtoto kurudishwa darasa. Aliyekosa nusu muhula akiwa wodini asaidiwe kufidia masomo, asishushwe.

Sasa barua. Mazungumzo ya ofisini husahaulika, mwalimu mkuu huhamishwa, matroni hubadilishwa. Andika ukurasa mmoja, kwa heshima. Taja jina la mtoto na ugonjwa wake, dalili za hatari, dawa na kipimo chake, nani ataishika na kwa nini isifungiwe, hospitali ya karibu, na nambari mbili za simu. Ambatisha barua ya daktari. Omba jibu la maandishi ndani ya siku saba. Peleka nakala mbili, ya pili ipigwe mhuri wa shule na tarehe, urudi nayo nyumbani. Mimi niliandika barua ya namna hiyo baada ya usiku ule. Siku ya kutembelewa, mwanangu alinionyesha inhela ndani ya kijifuko cha kitambaa kiunoni, na ya pili ilikuwa kwa kiranja wa bweni. Kanuni ya kufungia dawa ilibaki ukutani, chini yake ikaongezwa kwa kalamu: isipokuwa dawa za dharura.

Barua isipojibiwa, hatua ya kwanza ni bodi ya shule, kisha Bodi ya Elimu ya Kaunti, na ukitoridhika na uamuzi wake kuna Mahakama ya Rufaa za Elimu. Mwalimu aliyepiga au kudhalilisha hushtakiwa kwa tume ya walimu, TSC, na kipigo huripotiwa pia polisi. Siri iliyovuja hupelekwa kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria inampa siku 90 kumaliza uchunguzi. Mtoto akiwa hatarini sasa hivi, piga simu ya msaada kwa watoto, 116, bila malipo. Kwa wasio na uwezo wa kumlipa wakili, mashirika ya Kituo cha Sheria na FIDA yana ofisi Mombasa. Na kama mtoto ameumia kwa uzembe wa shule ya umma na unataka fidia, yaone mapema, kwani madai dhidi ya serikali yaweza kufungwa mlango baada ya miezi 12 tu.