Chumba cha Bei Rahisi Kinaweza Kula Mtaji: Jinsi ya Kupata Gesti Tulivu Mjini Kigoma



Somo la leo nimeliandika kwa wenzangu wa Mwamgongo na vijiji vya kaskazini mwa ziwa, sisi ambao barabara yetu ni maji. Ila popote ulipo, kama huwa unaenda mjini kufuata mzigo na kulala usiku mmoja au miwili, litakufaa.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Mara ya kwanza kulala Kigoma kwa ajili ya mzigo wa duka nilijiona mjanja kweli. Wenzangu niliosafiri nao walichukua vyumba vya elfu kumi na tano, mi nikapata cha elfu saba. Nimeokoa elfu nane! Nilikiona asubuhi, mtaa umetulia, shuka safi. Nikalipa hapo hapo.

Saa 2 usiku ukuta wa kitandani ukaanza kutetemeka. Kumbe upande wa pili ni baa. Muziki ulipiga mpaka saa 9 usiku, na ulipozimwa wakaanza walevi kugombania bili.

Asubuhi nikaenda duka la jumla kichwa kizito kama jiwe. Kijana anahesabu katoni, mi naitikia tu "sawa, sawa". Nikasaini. Jioni napakua mzigo kwenye mchanga wa Mwamgongo, katoni mbili za sabuni hazipo. Nikapiga simu, nikajibiwa kwa upole: "Dada, ulihesabu mwenyewe ukasaini." Na ni kweli, nilisaini.

Hasara ilikuwa shilingi 56,000. Ile ilikuwa pesa ya kikoba, na marejesho ni Jumamosi. Ikabidi niuze gunia la dagaa niliokuwa nimewaweka nikisubiri bei ya mbalamwezi. Wenzetu wa mbali mjue hivi: dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika, dagaa wanaadimika, bei inapanda. Mimi niliuza giza bado lipo, kila mtu ana dagaa. Hasara juu ya hasara.

Niliokoa elfu nane, nikapoteza mara saba yake. Tangu siku hiyo nikaelewa kwamba usingizi ni sehemu ya mtaji. Twende hatua kwa hatua.

1. JIULIZE KWANZA: LAZIMA NILALE?

Boti za abiria kutoka kwetu huondoka mapema na kushusha Kibirizi asubuhi. Za kurudi huanza kuondoka Kibirizi kuanzia mchana. Maana yake una saa chache tu mkononi. Kama umeleta dagaa na mnunuzi anakusubiri pale pale mwaloni, uza, pokea pesa, nunua vitu viwili vitatu, urudi siku hiyo hiyo. Gesti ya nini?

Lakini kama unatakiwa kuuza, kudai madeni, kupita benki, kulinganisha bei maduka matano na kufungasha mzigo, usijidanganye kwamba utamaliza kabla ya boti. Ukikimbizana na boti utanunua duka la kwanza kwa bei yoyote. Hapo kulala ni faida.

Na angalia siku. Jumapili usafiri wa boti za abiria ni wa shida. Ukienda Jumamosi bila kuuliza, safari ya usiku mmoja inakuwa ya siku mbili, na bajeti yako imekufa. Siku nzuri ni katikati ya wiki: boti zipo, maduka yako wazi, na baa nazo hazijachangamka kama Ijumaa na Jumamosi.

2. CHAGUA ENEO KWA KAZI YAKO

Kibirizi ni karibu na boti na soko la dagaa. Inafaa kama kazi yako yote iko mwaloni. Lakini mwaloni watu wanaamka usiku, injini zinanguruma, wapagazi wanaitana. Usitegemee kulala mpaka saa 12.

Mjini chini, upande wa bandari na stesheni ya reli, ni pazuri kwa anayesubiri treni au mwenye shughuli za benki na ofisi.

Mwanga, juu ya kilima kwenye njia ya kwenda Ujiji, ndiko kwenye soko, maduka mengi na gesti nyingi za bei ya kawaida. Kama unafuata mzigo wa duka, hapa ndipo pa kuanzia. Siri yake ni moja: usichukue chumba kinachotazama barabara kuu. Ingia mtaa wa pili au wa tatu nyuma yake. Bado sokoni unaenda kwa mguu, lakini kelele umeziacha.

Ujiji ni mji wa zamani, ule ambao Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Mitaa yake mingi ina utulivu. Lala huko kama biashara yako iko huko. Kama unarudi Kibirizi na mzigo, umbali utakula ulichookoa.

Masanga kwenye stendi ya mabasi, mpishe anayesafiri na basi la alfajiri. Honi na wapiga debe huanza kabla jogoo hajawika.

3. UTULIVU WA ASUBUHI UNADANGANYA

Hapa ndipo nilipoumia, na ndipo wengi wetu wa boti tunapoumia. Sisi tunafika mjini asubuhi, wakati baa zimefungwa. Unaona mtaa kimya, unalipa. Kwa hiyo usisikilize tu. Tumia macho:

- Kreti za bia tupu na viti vya plastiki vimepangwa nje: hapo usiku ni baa.
- Ubao umeandikwa mechi za leo kwa chaki: hicho ni kibanda umiza. Mechi za Ulaya huanza saa 4 au saa 5 usiku, na goli likiingia mtaa mzima unajua.
- Maturubai, mapambo, ukumbi: kuna sherehe. Uliza ni lini.
- Mashine ya kusaga au fundi wa kuchomelea jirani: usiku kimya, lakini saa 1 asubuhi inaanza.
- Jenereta nyuma ya jengo: uliza liko upande wa vyumba gani, maana umeme ukikatika litakuwa jirani yako.
- Msikiti au kanisa karibu: adhana ya alfajiri ni msaada kwa mwenye safari, wala usiilalamikie. Kuhusu kanisa, uliza tu kama usiku huo kuna mkesha.

Njia bora zaidi: muulize mama anayeuza chapati au maji jirani na gesti. Nunua kitu, msalimie vizuri, kisha uliza, "Mama, hapa usiku watu wanalala?" Huyo halipwi na gesti. Atakwambia ukweli.

4. MASWALI YA KUMUULIZA MHUDUMU KABLA YA KULIPA

Usianze na bei. Anza na salamu, halafu chumba. Kwa mfano:

"Habari za kazi, dada. Vyumba vipo?"
"Vipo. Unataka self au cha choo cha nje?"
"Naomba nione vyote viwili. Na nataka cha nyuma, mbali na barabara."
"Kipo kimoja, mwisho wa korido."
"Dada samahani, hapa mnapangisha kwa saa?"

Swali hilo usilionee aibu. Gesti inayopangisha kwa saa, milango inafunguliwa na kufungwa usiku kucha, na watu hubadilika kila mara. Kwa mama mwenye pesa ya mzigo, hapo si mahali pako hata wakupe kwa elfu tano.

Ukiingia chumbani fanya ukaguzi wa dakika tatu. Funga mlango na kitasa, jaribu na komeo la ndani. Angalia dirisha lina nondo. Fungua bomba. Tandaza chandarua utafute matundu, maana mbu mmoja naye ni kelele. Jaribu soketi kwa chaja yako. Kisha kaa kitandani kimya dakika moja: unasikia televisheni ya mapokezi? Pampu ya maji? Choo cha pamoja? Omba chumba kingine, si dhambi.

Sasa ndiyo bei. "Nalala siku mbili, na mimi ni mtu wa kuja kila mwezi. Nifanyie bei ya mteja." Mara nyingi utapunguziwa kidogo, au utapewa chumba kizuri zaidi kwa bei ile ile. Lipa, dai risiti, jiandikishe kwenye kitabu cha wageni. Kitambulisho usisahau kijijini, kukifuata ni safari nyingine ya boti.

5. PIGA HESABU NZIMA, USIANGALIE KITANDA PEKE YAKE

Huu ni mfano wa kujifunzia tu, weka bei zako za siku hiyo.

Gesti ya kwanza, iko mbali na soko:
Chumba 8,000
Bodaboda kwenda na kurudi sokoni, safari 4 kwa 1,500: 6,000
Kumlipa mtu atunze mzigo: 2,000
Bodaboda na mzigo mpaka Kibirizi: 3,000
Jumla: 19,000

Gesti ya pili, mtaa wa nyuma ya soko:
Chumba 13,000
Sokoni kwa mguu: 0
Mzigo unawekwa stoo ya gesti: 0
Bodaboda na mzigo mpaka Kibirizi: 3,000
Jumla: 16,000

Umeona? Chumba kilichoonekana ghali kwa elfu tano kimekuwa nafuu kwa elfu tatu. Na hapo bado hatujaweka thamani ya kuamka na akili timamu siku ya kununua.

6. MZIGO NA PESA

Gesti nyingi hutaka chumba kiachwe saa 4 asubuhi, na boti yako ni mchana. Hizo saa za katikati ndizo mizigo hupotelea. Uliza siku unayoingia, "Nikitoka saa 4, mzigo naweza kuuacha mapokezi mpaka saa 6?" Wakikubali, hesabu vifurushi mbele ya mhudumu, na kila kimoja kiwe na alama yako.

Dagaa usiwapeleke chumbani. Harufu yao sisi tumezoea, mgeni wa chumba cha jirani hajazoea, na mwenye gesti atakudai gharama ya usafi. Mzigo wa dagaa umalizane nao mwaloni.

Pesa ya mauzo usilale nayo chini ya godoro. Ukishauza, iingize kwenye simu au benki mchana ule ule, ubaki na ya chakula na nauli. Namba ya siri usimtajie wakala hata kama foleni ni ndefu.

7. NA KULALA KWA NDUGU JE?

Kwa ndugu ni heri, na wakati mwingine ndiyo njia bora. Lakini usiseme ni bure. Utabeba dagaa wa zawadi, utanunua sukari na sabuni, na utakaa kupiga stori mpaka saa 6 usiku, maana ukilala mapema watasema umekuwa na maringo. Ukienda mara moja kwa miezi mitatu, ni furaha kwa wote. Ukienda kila wiki, unamchosha ndugu yako na yeye hawezi kukwambia. Ushauri wangu: siku ya mzigo mkubwa lala gesti, kisha pita kwa shangazi mchana umsalimie na dagaa zake. Heshima inabaki, na usingizi unabaki.

8. UKIFIKA KARIAKOO

Siku mtaji ukikua ukapanda treni mpaka Dar, kanuni ni zile zile. Kulala katikati ya Kariakoo kunakupunguzia kubeba mzigo, lakini mikokoteni na magari huanza mapema. Wengine hulala Magomeni, wakapanda mwendokasi mpaka Gerezani asubuhi. Fanya hesabu kama ya hapo juu, nauli upande mmoja, usingizi upande mwingine, kisha uamue.

KAZI YA KUFANYA WIKI HII

Chukua daftari lako la biashara, ukurasa wa nyuma. Andika gesti tatu ulizowahi kulala au ulizosikia kwa wenzako. Kila moja iandikie: bei, chumba namba ngapi kilikuwa kimya, kelele gani zipo na siku gani, mzigo unawekwa wapi, simu ya mapokezi. Safari ijayo piga simu siku moja kabla, omba chumba kile kile kwa namba yake. Mimi sasa nina gesti yangu moja mtaa wa nyuma pale Mwanga. Nikifika mhudumu ananiambia, "Dada wa Mwamgongo, chumba chako cha mwisho kipo."

Nalala saa 3. Saa 2 asubuhi niko dukani nahesabu katoni moja moja kwa kidole, na sisaini mpaka nimalize. Tangu siku ile sijapoteza hata mche wa sabuni.

Mtumie somo hili mwenzako anayepanda boti wiki hii. Safari njema na mzigo ufike salama.