Mjomba anasema bado nachezea magari

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 33, fundi wa kompyuta hapa Mbeya, naishi Mwanjelwa, chumba na sebule. Mchumba wangu ni muuguzi Iringa. Posa imepokelewa, mahari nimemaliza, ndoa ni Desemba, na kamati imeshaanza kugawa kadi za michango.

Tatizo ni magari. Tangu nikiwa chuo, miaka kumi sasa, najenga magari madogo ya plastiki, yale yanayokuja vipande vipande ndani ya boksi. Unakata, unapiga msasa, unaunga kwa gundi, unapaka rangi, unabandika stika za kulowekwa majini. Niliyokamilisha ni 41, yapo kwenye kabati la vioo sebuleni. Maboksi ambayo sijafungua ni 19, mengine juu ya kabati, mengine chini ya kitanda. La mwisho ni Datsun 240Z ya Safari Rally. Mpaka nilichukue posta lilikuwa limenila laki na themanini, wiki mbili tu baada ya kadi kutoka.

Mwezi wa saba shemeji, kaka yake mchumba wangu, alikuja Mbeya kikazi akalala kwangu. Alicheka sana. Aliporudi Iringa akawaambia kwao kwamba bwana harusi bado anachezea magari. Sasa mjomba wao mkubwa, dereva mstaafu wa malori ya Zambia, amemuuliza mshenga wangu mbele za watu kama nina akili timamu.

Kaka yangu anasema niuze yote kabla ya harusi. Rafiki yangu anasema niyahamishie kwake, halafu nikishaoa niyarudishe kidogo kidogo. Wote wanasema mtu mzima hachezi. Lakini Shangazi, nikitoka kazini usiku, nikawasha jiko la mkaa ili chumba kipate joto na rangi ikauke, nikashika brashi, ndiyo saa pekee kichwa changu kinatulia. Nifanyeje?

Bwana Harusi Mtarajiwa, Mbeya

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya mjomba na kabla ya shemeji, nianze na hilo jiko. Umelitaja kwa kupita tu, lakini mimi sikuweza kuendelea kusoma. Mvuke wa tina ya rangi hushika moto upesi, tena ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni mpaka ukakuta mkaa. Na hata usingekuwa na tone la tina ndani ya nyumba, mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa madirisha kwa ajili ya baridi hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu hulala asiamke. Mchumba wako ni muuguzi. Mwambie unavyokausha rangi, uone atakavyokujibu.

Rangi iachie muda. Kipupwe cha Mbeya kinaweza kuichelewesha rangi ya mafuta siku kadhaa, basi ifunike gari kwa boksi safi lisipate vumbi, ukalale. Ya kupuliza ipulize nje, jua likishapanda, kabla upepo haujaanza kurusha vumbi. Msimu wa mvua usipulize kabisa: tina inaporuka hupoza uso wa gari, unyevunyevu wa hewani ukaganda hapo, na bodi uliyoisugua kwa msasa wiki nzima ikabaki na utando mweupe. Najua unalijua hilo, maana ndilo lililokufanya uingize jiko ndani.

Sasa hilo la mtu mzima hachezi. Mtoto wa Uyole au wa Ilula akikunja waya, akakata ndala kuukuu akapata tairi, akaunganisha usukani mrefu na kulisukuma gari lake barabarani, watu wazima husimama wakamsifu kwamba huyu atakuwa injinia. Mtoto huyohuyo akifika miaka 33, akafanya kazi ileile kwa vipande vidogo vinavyodai macho makali na mkono usiotetemeka, anaambiwa hana akili timamu. Na nakuomba umuulize shemeji yako, kwa heshima zote: kwao sebuleni hakuna kabati la vyombo? Vikombe vyenye maua, glasi za miguu mirefu, birika ambalo halijatiwa chai tangu mama yake aolewe? Hakuna mshenga aliyewahi kuulizwa habari za akili ya mama yule.

Hiyo Datsun yako, zaidi ya yote, ina historia ya kwetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 na 1967 yalichukuliwa na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiwa na Peugeot 404. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 ikiwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 ikiwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Gari hilo lilikuwa na urefu wa mita nne na kidogo. Kwa kipimo cha 1:24 ni kama sentimita 17, linakaa kwenye kiganja. Mjomba, kwa umri wake na kwa kazi aliyoifanya, majina hayo anayafahamu kuliko mimi na wewe. Ukienda kusalimia usianze na habari za plastiki. Muulize kuhusu Peugeot 404, kisha muulize alivyokuwa akishuka mteremko wa Kitonga na tela likiwa na mzigo. Siahidi kwamba atacheka, wako wazee hawacheki, lakini dereva kuulizwa Kitonga akanyamaza sijapata kuona.

Hata hivyo mjomba ana hoja, ingawa aliifikisha kwa ukali. Umempelekea mwenzako wa kazini kadi ya mchango. Mshahara wake unaujua, na watoto wake unawajua. Wiki mbili baadaye anakukuta posta umekumbatia boksi la laki na themanini. Atatoa, maana michango ya harusi ni deni la kijamii, leo kwako kesho kwake, lakini ataongea, na atakuwa na haki ya kuongea. Aibu iliyopo katika barua yako ni hiyo. Hiyo ya kuchezea magari ilete kwangu nikusaidie kuicheka.

Na hesabu zako mwenyewe zinakusuta. Magari 41 kwa miaka kumi ni manne kwa mwaka. Maboksi 19 basi ni kazi ya karibu miaka mitano, imelala chini ya kitanda ambacho Desemba kitakuwa cha watu wawili. Kujenga na kununua ni tamaa mbili tofauti, mwanangu, na hii ya pili imeanza kumpita mwenzake. Usinunue boksi lingine hata moja mpaka kamati ivunjwe. Katika hayo 19 chagua matano yanayouwasha mkono wako kweli, mengine uyauze yakiwa bado yamefungwa, kwa sababu boksi likishafunguliwa mnunuzi huanza kuhesabu vipande na bei huporomoka. Fedha itakayopatikana ipeleke kwenye kamati, isomwe pamoja na michango ya wengine. Yale 41 usiyaguse. Hakuna mtu atakayekulipa usiku ulioutumia, na kaka yako akitaka kujua fedha za harusi zinapotelea wapi, aanze na mikeka ya Jumamosi kama naye ni mtu wa kubeti.

Kama ni hamu ya kujenga, ukitoka Mbeya kwenda Iringa unapita Mafinga, mji unaoishi kwa mbao za paini za Sao Hill. Mabanzi yanayobaki viwandani ni bei ya kusalimiana. Na usidharau mbao: Tamiya, watengenezaji wa maboksi kama yako kutoka Shizuoka, Japani, ambao wajenzi dunia nzima wanawajua, walianza mwaka 1946 kwa biashara ya mbao, wakatengeneza mifano ya mbao, na wa plastiki wa kwanza wakautoa mwaka 1960. Basi la mita 12 kwa kipimo kilekile cha 1:24 linakuwa nusu mita kamili, na mabasi ya njia hii ya kwetu, yakiwa na rangi zake na maandishi yake ya nyuma, mimi sijayaona ndani ya boksi lolote kutoka nje. Mtaani vijana wanayatengeneza kwa maboksi na plaiwudi. Wewe una msasa mzuri na mkono wa miaka kumi.

Ushauri wa rafiki yako wa kuyaficha ndio mbaya kuliko yote. Mke atayakuta. Siku hiyo hatajiuliza habari za magari, atajiuliza ni nini kingine kimehifadhiwa kwa rafiki.

Nimeirudia barua yako nikimtafuta mtu mmoja. Shemeji alivyocheka nimejua. Alichosema mjomba, alichosema kaka, alichosema rafiki, vyote umeniandikia, mpaka boksi lilipochukuliwa posta. Mchumba wako hajasema neno. Atakayefuta vumbi kwenye hilo kabati, au atakayekataa kulifuta, hana hata sentensi moja. Hukumuuliza? Au alijibu, na jibu lake hukulipenda?

Kama hukumuuliza, panda basi wikiendi hii. Beba gari moja lililokamilika na boksi moja lililofungwa. Mwambie bei za kweli, na ile ya laki na themanini iwe ya kwanza, halafu umwache aongee bila kumkatiza. Akipenda, mpe kibano na stika za maji, maana mkono wa muuguzi umezoea kazi ndogondogo. Asipopenda haina shida: kubalianeni meza moja, dirisha linalofunguka, kiasi cha fedha kwa mwezi mnachokijua wote wawili, na yeye awe na chake ambacho hutamhoji. Akisema hataki kuyaona kabisa, hilo ni la kulijua kabla ya Desemba, na hapo uniandikie tena, kwa kuwa tutakuwa na jambo kubwa kuliko magari.

Mshenga wako umwambie asipeleke jibu lolote Iringa mpaka mchumba wako awe amejibu kwanza.