Rekodi za Kusikiliza Nyumbani: Kutoka Haleluya ya Handel hadi Zeze la Ugogo

Ikifika Pasaka, kwaya nyingi za parokia zetu huimba Haleluya ya Handel. Ni wachache kati yetu waliowahi kusikiliza kazi nzima ulimotolewa wimbo huo, yaani Messiah, ambayo Handel aliitunga mwaka 1741 na ikaimbwa mara ya kwanza mjini Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Katika kazi hiyo Haleluya haisimami peke yake. Inafunga sehemu ya pili, na sehemu hiyo inaanza na Mwanakondoo wa Mungu, kisha yanafuata maneno ya Isaya 53 juu ya mtu aliyedharauliwa na kukataliwa. Anayefika kwenye Haleluya akiwa amepitia njia hiyo anaisikia tofauti na yule anayeipokea baada ya tangazo la michango.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kuwa na rekodi nyumbani: tunapata nafasi ya kusikiliza kazi nzima, taratibu, na kuirudia. Katika somo hili tunaangalia jinsi mseminari au familia inavyoweza kujikusanyia muziki mtakatifu na muziki wa klasiki bila fedha nyingi.

Tuanze na chache. Mtu mwenye nyimbo elfu mbili kwenye simu mara nyingi hajui hata moja kwa undani. Ni afadhali kuwa na rekodi mbili za kazi moja na kuzilinganisha. Kwa Messiah, tafuta mojawapo ya zile alizoongoza Malcolm Sargent akiwa na Huddersfield Choral Society, kwaya kubwa ya Kiingereza yenye uimbaji mzito, kisha ile ya Christopher Hogwood na Academy of Ancient Music iliyotoka mwaka 1980. Katika hiyo ya pili waimbaji ni wachache, sauti ya kwanza inaimbwa na wavulana, na vyombo ni vya mtindo wa karne ya 18, vilivyopatanishwa chini karibu nusu toni kuliko kinanda chetu. Anayejaribu kuifuata kwa kinanda ataona havipatani. Asidhani simu ni mbovu. Shika nota mkononi, sikiliza zote mbili, halafu jiulize ni ipi inayofanya maneno yasikike. Mwalimu wa kwaya atajifunza hapo mengi kuliko katika semina ya siku nzima. Tumia visikilizi vya masikioni, maana spika ya simu humeza besi.

Nyimbo za Kigregoriani nazo zisikosekane. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Sacrosanctum Concilium namba 116, unazipa nafasi ya kwanza katika liturujia ya Kiroma. Watawa wa Solesmes, Ufaransa, walirekodiwa mwaka 1930 wakiongozwa na Dom Joseph Gajard, kwenye santuri zilizobeba dakika chache tu kila upande. Sauti ina mkwaruzo, lakini pumzi ya waimbaji inasikika vizuri, na pumzi ndiyo inayotushinda wengi tunapoimba Salve Regina.

Sasa tusome namba 119 ya hati ileile. Inasema kwamba mataifa yenye mapokeo yao ya muziki yapewe heshima inayostahili kwa muziki huo, na nafasi ifaayo katika ibada. Mwaka huohuo wa hati hiyo, 1963, Padre Stephen Mbunga alitoa kitabu chake kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Sisi wa nyanda hizi za kati tuna sababu ya pekee ya kulichukua neno hilo kwa uzito. Wagogo wana uimbaji wa sauti nyingi, wana zeze, marimba na ngoma za muheme zinazopigwa na akina mama. Huo ni muziki wa klasiki kwa kila maana ya neno hilo: una kanuni zake, una mabingwa wake, na unahitaji miaka ya kujifunza.

Rekodi zake zipo, ila nyingi ziko mbali nasi. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 akarekodi Wagogo. Kazi yake inatunzwa katika International Library of African Music, Afrika Kusini. Polo Vallejo wa Hispania alirekodi uimbaji wa kijiji cha Nzali, na Ocora ya Ufaransa ikautoa. Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doguwe, aliyefariki mwaka 2003, ameacha albamu kama Chibite na Assembly, zote zilizotolewa Uingereza. Mkusanyo wa nyumba ya Dodoma wenye Mozart lakini usio na Zawose tunauona una pengo kubwa.

Tena kuna rekodi ambazo hata Ulaya hazipo: kaseti za kwaya zetu za miaka ya 80 na 90, zilizolala kabatini. Joto na vumbi la kiangazi vinazimaliza, na kaseti za dakika 120, zenye utepe mwembamba sana, hukwama kwanza. Safisha kichwa cha redio kaseti kwa spiriti na pamba, unganisha redio na kompyuta kwa waya, icheze mara moja na kuirekodi yote bila kuibana kuwa MP3. Nakala ya kusikiliza kwenye simu itatengenezwa baadaye. Weka nakala mbili, katika nyumba mbili.

Kabla ya hayo yote, andika majina. Kaseti iliyoandikwa "Kwaya – Upande A" haitamwambia mjukuu wako chochote. Andika kwaya, parokia, mwaka, mtunzi, mwalimu, mpiga kinanda na jina la kila wimbo. Mara nyingi habari hizo zimebaki kichwani mwa mzee mmoja au wawili. Kwa hiyo, panga kaseti zako kwa kufuata waimbaji walio hai, na uanze na ile ambayo mwalimu wake ni mzee kuliko wote: mpelekee nyumbani, mcheze pamoja, na uwe na kalamu.