Kukirudia Kitabu Kilichoachwa

Vijijini hawakosekani watu waliojifunza herufi utotoni, wakasoma darasa mbili au tatu, kisha wakaacha. Jembe likachukua mahali pa kalamu, kitabu kikatiwa darini penye moshi, mchwa wakakimaliza kabla ya mwenyewe. Mtu wa namna hiyo akipata barua ya mwanawe aliye mjini, humpelekea jirani amsomee. Na hivyo mambo ya nyumba yake hujulikana kwa jirani kabla hayajajulikana kwake. Hasara hiyo si ndogo. Tena anaposhika katekisimu siku ya mafundisho, huona haya kwa kuwa watoto wanampita, na haya hizo humzuia kuliko usahaulifu wenyewe.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alizijua. Alizaliwa Hispania mwaka 1491, akawa askari, na mwaka 1521 mguu wake ulivunjwa na mzinga katika vita vya Pamplona. Alipokuwa akiugua aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa. Havikuwamo nyumbani, akapewa Maisha ya Kristu na habari za watakatifu. Akasoma, tena akanakili kwa mkono wake: maneno ya Kristu kwa wino mwekundu, ya Bikira Maria kwa wino wa samawati.

Lakini Kilatini, lugha ya masomo ya siku zile, hakukijua. Mwaka 1524, mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu hivi, akaanza kujifunza mjini Barcelona. Kila alipotaka kushika somo, mawazo matamu ya Mungu yalimjia, somo likampotea. Mwingine angalidhani ni neema. Yeye alipima: mbona mawazo hayo hayaji wakati wa Misa wala wa sala, ila wakati wa kusoma tu? Akatambua ni kishawishi. Akamwomba mwalimu wake waende kanisa la Santa Maria del Mar, akamweleza yote, akaahidi kwamba miaka miwili hatakosa kumsikiliza, mradi apate mkate na maji. Kazi haikuisha hapo. Baadaye, huko Alcalá, alishika masomo mengi kwa mara moja, faida ikawa haba. Na alipofika Paris mwaka 1528 ilimbidi arudie misingi pamoja na watoto.

Ahadi ile iangaliwe vema. Inyasi hakuahidi kujua, aliahidi kufika. Wala hakuahidi moyoni tu, bali mbele ya mtu.

Basi anayetaka kukirudia kitabu achague saa isiyoibwa na kazi: alfajiri kabla ya shamba, au kabla jua halijatua, maana taa inakula mafuta. Asome mistari mitano kwa sauti, afunike kitabu, aandike mstari mmoja kwa kukumbuka, halafu afunue alinganishe. Asiye na daftari atumie kaa juu ya ubao. Hata mchanga unakubali kidole. Siku moja ikipotea kwa ugonjwa au msiba, kesho yake asisome mara mbili ili kulipa deni, bali mistari mitano ile ile. Wengi wameacha kabisa kwa kulemewa na deni hilo, si kwa siku iliyopotea. Naye awe na mtu wa kumsikiliza: mke, mume, au mtoto aendaye shule. Mtoto huenda akacheka kidogo, avumiliwe.

Miezi miwili ikipita, na aandike barua kwa mwanawe: salamu, habari za mihogo, jina lake. Inyasi alipokufa Roma mwaka 1556 aliacha barua zaidi ya 6,000 (nyingi ziliandikwa na katibu kwa jina lake), na sehemu kubwa ni za mambo ya kazi tu: fedha, safari, wagonjwa. Bahasha pia aiandike mwenyewe, jina na mji, kwa herufi kubwa, ili mchukuzi asipate shida njiani.