Ua la Kikombe: Kwa Nini Halifutiki?

Ni nadra kukuta nyumba isiyo na kikombe au sahani yenye picha ya ua. Chombo hicho husuguliwa kwa sabuni kila siku, mwaka baada ya mwaka, na ua likabaki vile vile. Hata hivyo, kipo kikombe kingine ambacho ua lake hufifia polepole hadi likatoweka. Mwenye kikombe husikitikia pambo lake, lakini liko swali kubwa zaidi la kujiuliza: rangi ile ilikwenda wapi? Jibu limo katika elimu ya kioo na moto.

Chanzo cha ufundi huu

Zamani mapambo ya vyombo yalichorwa kwa mkono, kimoja baada ya kingine. Katika karne ya 18 mafundi wa Uingereza walieneza njia ya kuchonga picha katika bamba la shaba, kuipiga chapa juu ya karatasi nyembamba, kisha kuihamishia katika chombo. Mwaka 1756 John Sadler na Guy Green wa mji wa Liverpool waliapa kuwa walipiga chapa vigae zaidi ya 1,200 kwa muda usiozidi saa sita. Picha za kuhamisha zinazotumiwa na wafinyanzi wa leo zimetokana na wazo hilo hilo.

Picha imeundwa na nini?

Picha ya kuhamisha ina matabaka manne. Chini ipo karatasi. Juu yake kuna gundi inayoyeyuka katika maji. Tabaka la tatu ni rangi yenyewe, na la nne ni vanishi inayoishika rangi isimeguke.

Rangi hiyo si wino wa kawaida, kwani wino ungeungua motoni. Ni unga wa madini: kobalti hutoa buluu, kromiamu hutoa kijani, na oksidi ya chuma hutoa nyekundu au kahawia. Unga huo huchanganywa na unga wa kioo laini, yaani kioo kinachoyeyuka upesi. Kioo hicho hufanya kazi kama ile ya saruji katika zege; bila hicho, rangi haishiki.

Namna ya kuibandika

1. Chombo kilichokwisha kuchomwa na kupata utando wa kioo hufutwa kwa spiriti ili kuondoa mafuta.
2. Picha hutiwa katika maji ya vuguvugu kwa muda wa dakika moja hivi, hadi ianze kuteleza juu ya karatasi yake.
3. Hutelezeshwa juu ya chombo, kisha hukandamizwa kwa kipande cha mpira laini kuanzia katikati kwenda pembeni, ili maji na hewa vitoke. Tone la maji likibaki chini yake, litageuka mvuke motoni na kuitoboa picha.
4. Huachwa ikauke kwa siku nzima.

Chombo kilichofinyangwa kwa mkono kina tatizo la pekee. Karatasi bapa huweza kuvingirishwa kwenye umbo la mcheduara bila kukunjamana, lakini haiwezi kulifunika tufe. Sababu yake inaelezwa na kanuni iliyothibitishwa na mwanahisabati Mjerumani, Gauss, mwaka 1827. Kwa hiyo, kwenye bakuli lenye tumbo, mfinyanzi hutumia picha ndogo ndogo, au huichanja picha kubwa pembeni.

Kazi ya moto

Tanuri hupashwa moto polepole. Kati ya nyuzi 200 na 500 hivi za Sentigredi, vanishi huungua, na tundu la tanuri huachwa wazi ili moshi utoke. Halafu joto hufikishwa kati ya nyuzi 750 na 850. Hapo utando wa kioo wa chombo, ambao uliyeyuka mara ya kwanza kwenye nyuzi 1,000 au zaidi, hulainika tu bila kutiririka, ambapo kioo laini cha picha huyeyuka. Vioo hivyo viwili hushikana, na vikipoa huwa kitu kimoja. Moto ukipungua, rangi hubaki juu kama vumbi lililoganda. Moto ukizidi, baadhi ya rangi hupotea, hasa nyekundu zitokanazo na kadimiamu.

Je, chungu cha kupikia chaweza kupambwa hivyo? Chungu cha Wakisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, huchomwa kwa moto wa wazi wala hakina utando wa kioo. Picha haina cha kushikana nacho. Hiyo si kasoro, kwani vitundu vidogo vya udongo usio na utando ndivyo vinavyopoza maji ya mtungini. Pambo linalokifaa chungu hicho ni udongo wa rangi unaopakwa kabla ya kuchoma.

Hatari iliyojificha

Kwa karne nyingi kioo laini kilipatikana kwa kutiwa risasi. Madini hayo hushusha kiwango cha joto la kuyeyukia na kuipa rangi mng'ao. Lakini ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Siku hizi zipo rangi zisizo na risasi, ingawa si vyombo vyote vilivyopambwa kwa rangi hizo. Risasi iliyofungwa barabara ndani ya kioo haitoki kwa urahisi. Isipofungwa, asidi ya ndimu, ukwaju au maziwa ya mgando huitoa. Basi, ua lililofifia sehemu yake ilikwenda na maji ya kuoshea, na sehemu nyingine huenda iliingia katika chakula.

Katika maabara, chombo hujazwa asidi asetiki ya asilimia 4, yenye nguvu inayokaribia ile ya siki, kwa saa 24 katika nyuzi 22. Kisha hupimwa kiasi cha risasi na kadimiamu kilichotoka. Mfinyanzi mwangalifu hubandika picha upande wa nje wa kikombe, chini ya ukingo unaoguswa na midomo.

Jaribio la darasani

Chukua kigae chenye picha kutoka kikombe kilichovunjika. Tumbukiza nusu yake katika siki kwa saa 24, kisha isugue kwa kitambaa na kuilinganisha na nusu nyingine. Mwaga siki hiyo na unawe mikono. Rangi ikififia, kikombe cha aina hiyo hakifai kwa chakula. Isipofifia, hilo peke yake si ushahidi wa usalama, kwa kuwa risasi iliyoyeyuka katika siki haionekani kwa macho.

Maswali

1. Kwa nini unga wa kobalti peke yake hauwezi kushika juu ya kikombe?
2. Eleza kitakachotokea iwapo tanuri litapashwa moto kwa haraka kabla vanishi haijaisha kuungua.
3. Kwa nini chombo kinachofaa kuwekea maua huenda kisifae kuwekea achari?