Stima Ikipotea na Mgonjwa Anategemea Mashine ya Oksijeni: Hesabu Saa Zako Mapema

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima, na baadhi ya maeneo yalikaa gizani hadi siku iliyofuata. Kwa wengi wetu, shida ilikuwa simu kuzima na maziwa kuharibika. Lakini kwa familia yenye mgonjwa anayetumia mashine ya oksijeni, kupotea kwa stima ni suala la uhai. Mashine hiyo huchuja oksijeni kutoka hewani kwa nguvu za umeme wala haiweki akiba. Stima ikikatika, oksijeni nayo inakatika.

Ndiyo maana kila familia ya aina hii inafaa kujiuliza mapema: tuna saa ngapi?

Hesabu ya mtungi

Mtungi wa akiba ndio kinga ya kwanza. Chukua lita za oksijeni zilizomo, ugawanye kwa lita anazotumia mgonjwa kwa dakika. Mtungi wa lita 1,360 kwa mgonjwa wa lita 2 kwa dakika utadumu dakika 680, yaani saa 11 na dakika 20. Mgonjwa wa lita 4 ataumaliza kabla ya saa 6. Geji ikionyesha nusu, saa nazo ni nusu. Andika jibu kwenye karatasi na uibandike ukutani.

Hesabu ya betri

Mashine nyingi za nyumbani hutumia takriban wati 350. Betri ya kawaida ya sola ya volti 12 na ampea 100 inaweza kuiendesha kwa saa moja na nusu hivi, tena kupitia inveta inayofaa. Betri hiyo itakusaidia kupanga safari, haitakufikisha asubuhi.

Weka saa ya kuondoka

Usingoje mtungi uishe ndipo utafute gari. Ikiwa safari ya hospitali ni saa moja, ondoka mtungi ukiwa na oksijeni ya saa tatu, kwa sababu huo huo ndio utakaomhudumia mgonjwa njiani. Zungumza na jirani mwenye gari leo. Kabla ya kuondoka, piga simu hospitalini uhakikishe oksijeni ipo.

Stima inapopotea

1. Mhamishie mgonjwa kwenye mtungi kwa kiwango kile kile alichoagiza daktari. Usikipunguze ili kubana matumizi, wala usikiongeze.
2. Andika saa uliyofungua mtungi.
3. Chomoa mashine. Umeme ukirudi kwa nguvu nyingi unaweza kuiharibu.
4. Ripoti kwa Kenya Power kupitia 97771 ukiwa na namba ya akaunti au mita, na ueleze kuwa nyumbani kuna mgonjwa wa oksijeni.

Tumia tochi. Mshumaa, koroboi, jiko na sigara visikaribie oksijeni, kwani huufanya moto kushika kwa kasi. Jenereta iwekwe nje, mbali na milango na madirisha, kwa sababu moshi wake una gesi inayoua bila harufu ya kukuonya.

Midomo ikibadilika rangi, mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, akichanganyikiwa au akisinzia kupita kawaida, mpeleke hospitalini mara moja hata kama mtungi umejaa. Namba za dharura ni 999 na 112.

Kazi ya wiki hii

Zima mashine kwa kuchomoa waya mchana, watu wazima wakiwepo, na mumhamishie mgonjwa kwenye mtungi. Mwombe mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako awepo. Hakikisha kila anayelala katika nyumba hiyo anajua kufungua mtungi, hata gizani. Anayejua akiwa mmoja tu, siku atakayosafiri mgonjwa hana msaada.